Mvinyo wa Pili wa Montaubrac

Pale Montaubrac, shamba ambalo nimetunza ghala lake la mapipa tangu ujana wangu, mvinyo wa kila mwaka hutengwa mafungu mawili. Uliokubalika hupewa jina la shamba lenyewe, ukaenda London na Tokyo na kwenye meza za watu ambao hatutawaona maishani. Usiokubalika huitwa Tourelle, yaani mnara mdogo, kwa ajili ya kile kimnara kifupi kilichoko nyuma ya nyumba kubwa. Huo ndio tunaokunywa sisi, pamoja na daktari, padri na fundi bomba. Waliochuma zabibu ni walewale na mashini zilizozikamua ni zilezile. Tofauti huletwa na uamuzi wa siku moja ya Februari, watu wakiwa wamekaa mezani, wanaonja na kutema.

Tourelle ilianzishwa na Anselme Darricau, mwenye shamba, alipokuwa bado kijana, mwaka ambao mvua ilinyesha mpaka kokoto za shambani zikaota kuvu. Baba yake, mzee mkali aliyevaa tai hata akienda kupogoa mizabibu, aliuita mvinyo ule mtoto wa nje. Alikataa usiingie chumba cha kulia. Anselme akasema sawa, utakaa jikoni. Na kweli ulikaa jikoni kwa miaka mingi, mpaka mzee alipofariki na mapipa ya Tourelle yakawa mengi kuliko ya Montaubrac, kama ilivyo sasa kwenye mashamba karibu yote makubwa ya huku Médoc, karibu na Bordeaux.

Wakati wa mambo haya ninayosimulia, Anselme alikuwa mzee mwenyewe. Mkewe, Bérengère, alikuwa ameshazikwa. Binti yao wa pekee, Maylis, alikuwa amerudi kutoka Chile, alikokwenda kujifunza kazi kwa watu wengine, na ndiye aliyeendesha shughuli zote isipokuwa moja: neno la mwisho mezani, siku ya Februari, lilibaki kwa baba yake. Hakuna aliyeona ubaya. Pua ya Anselme ilijulikana tangu Pauillac hadi Bordeaux. Aliweza kuingia ghalani, asimame mlangoni, akwambie pipa lipi linaanza kuharibika.

Kuna kipande cha shamba ambacho lazima nikitaje. Kipo kwenye mteremko upande wa magharibi, kokoto zinapoisha na udongo mzito kuanza. Anselme alikipanda zabibu za aina ya Merlot mwaka aliooa, yeye na mkewe, wakiwa wamepiga magoti matopeni kama vibarua, na tangu hapo kikaitwa Bérengère. Mvinyo wake uliingia Montaubrac kila mwaka bila kukosa. Maylis alishaniambia mara moja, tukiosha mapipa, kwamba kuna miaka ambayo pengine haukustahili. Nilimwambia kuna mambo mtu anayaacha yapite.

Mwaka huo Septemba ilikuwa mbaya. Kule kwenye kokoto karibu na mto, maji yalipita yakaenda zake. Kwenye udongo wa Bérengère yalituama, na zabibu zikanywa mpaka zikafura. Tulichuma haraka tulivyoweza.

Ikafika Februari. Alikuja Bwana Vauquelin, mtaalamu wa mvinyo kutoka Libourne, mtu mwembamba mwenye adabu nyingi na maneno machache. Tukakaa mezani wanne: yeye, Anselme, Maylis na mimi. Chupa za kuonja nilikuwa nimezifunga magazeti, kila moja na namba yake, ili mwonjaji asijue ni ya kipande kipi cha shamba. Lakini kabla ya kazi, desturi ya nyumba ni kufungua chupa moja ya Montaubrac ya zamani ili kuukumbusha ulimi unakotoka. Aliyeifungua alikuwa Anselme. Alijimiminia, akazungusha gilasi, akaingiza pua ndani, akafumba macho.

"Haya," akasema. "Hii ndiyo nyumba yetu. Onjeni."

Akatumiminia. Mimi sikuhitaji hata kuinua gilasi. Harufu ilinifikia ikiwa bado mezani: kadibodi iliyolowa, tambara la sakafu lililosahauliwa ndooni. Kizibo kilikuwa kimeuharibu mvinyo wote. Ni jambo la kawaida, hutokea, chupa humwagwa na nyingine kufunguliwa. Hata mtu wa barabarani angekunja uso.

Bwana Vauquelin aliweka gilasi yake chini polepole, akaanza kutazama nje dirishani kana kwamba amemwona mtu anayemjua. Maylis alimtazama baba yake. Anselme alikuwa anakunywa. Alimeza, wala hakutema.

"Bado ina nguvu," akasema. "Eh, Vauquelin?"

"Ina… ina umri wake," Vauquelin akajibu.

"Tuanze, Baba," Maylis akasema, na akaisogeza ile chupa mbali, nyuma ya kapu la mkate. "Saa zinakwenda."

Tukaanza. Na hapo nikaona jambo la pili, ambalo bila lile la kwanza nisingeliona. Miaka yote Anselme ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa hana subira. Angenusa, atupe neno lake mezani, kisha atuache sisi tuhangaike kukubaliana naye. Siku ile alikaa kimya. Alisubiri Vauquelin aandike alama zake, akamchungulia uso, ndipo akasema. Vauquelin akikunja mdomo, Anselme alisema, "Mwepesi." Vauquelin akiinua nyusi, Anselme alisema, "Huu unatuahidi kitu." Kwa mtu ambaye hakuwa makini ilionekana tu kwamba mabwana wawili wazee wanaelewana sana.

Chupa ya sita ilikuwa na mvinyo mwekundu usio na kiini. Mdomoni uliingia, ukatoka, hukujua umepita wapi.

"Maji," akasema Maylis.

Vauquelin akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Wa pili huu," akasema Anselme. "Moja kwa moja. Hauna hata cha kujadili."

Tulipomaliza nikayafungua magazeti, moja baada ya jingine, nikisoma jina la kipande lililoandikwa kwenye chupa. Nilipofika ya sita nilisita kidogo. Halafu nikasoma.

"Bérengère."

Anselme alinyoosha mkono, akaichukua chupa, akaisoma mwenyewe. Akaisogeza puani. Akakaa nayo hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Haiwezekani," akasema.

"Umeihukumu wewe mwenyewe, Baba."

"Nimekosea."

"Hujawahi kukosea hapa."

"Basi leo nimekosea! Mtu haruhusiwi?" Akageukia kwangu. "Régine, umechanganya magazeti."

"Sijachanganya, Bwana Anselme."

Nilimwambia hivyo kwa sauti ya chini, na nilijutia hata hiyo. Akasimama. Alikuwa mtu mrefu, na akisimama chumba kilikuwa kidogo.

"Bérengère hawezi kwenda kwenye wa pili," akasema. Alisema *hawezi*, kama anayemtaja mtu. "Ataingia Montaubrac kama miaka yote. Nimemaliza. Vauquelin, chakula kipo tayari."

Chakula kilikuwa nyama ya mbavu iliyochomwa kwa vijiti vya mizabibu. Wanaume wawili walikula wakizungumzia habari za raga. Maylis hakula. Alikuja ghalani, akakaa juu ya ngazi ya tangi, mikono mifukoni.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Wiki mbili zilizopita niliingia jikoni nikakuta sufuria ya maharage imeungua, moshi umejaa hadi darini. Yeye kakaa palepale anasoma gazeti. Nikamwambia, Baba, nyumba inaungua! Akanijibu, mbona unapiga kelele?" Akacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Nikadhani ni masikio."

"Alikuwa na ile homa wakati wa Krismasi."

"Ndiyo. Na mimi pia nilikuwa nayo. Ikanipita kama mafua." Akatazama yale matangi. "Ukiitia Bérengère kwenye Montaubrac mwaka huu, Régine, itatokea nini?"

"Itakuwa nyembamba. Watajua."

"Na usipoitia?"

"Mapipa machache. Lakini itakuwa yenyewe."

Akashuka ngazi, akatoka. Mimi nilikuwa na pampu ya kutayarisha na hukumu mbili zinazopingana, ya meza na ya Anselme, na mwenye shamba ni mmoja. Kesho yake asubuhi nikaenda nyumba kubwa kuuliza kwa wazi nipeleke mvinyo wa kipande kile tangi lipi. Nikawakuta jikoni, baba na binti, kahawa mbele yao. Nilitaka kurudi nyuma. Anselme akasema, "Ingia, Régine, funga mlango, baridi inaingia. Si unajua kila kitu tayari? Naona mmekuwa na mkutano."

Nikamiminiwa kahawa. Nikakaa pembeni.

"Tangu lini, Baba?" Maylis akauliza.

"Krismasi."

"Hakuna kabisa?"

"Kuna siku nahisi kama moshi. Sijui kama ni moshi wa kweli au wa kichwani. Kahawa hii ni maji ya moto. Mkate ni sifongo." Alisema bila kujihurumia, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. "Daktari anasema pengine itarudi, pengine haitarudi. Nimemlipa kwa habari hiyo."

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Darricau wa Montaubrac hanusi? Ungekaa nayo siku ngapi kabla uso wako haujakusaliti? Wewe huwezi kucheza karata, mwanangu, tangu utotoni."

"Na jana ulitaka kuamua mvinyo wa mwaka mzima kwa kumtazama Vauquelin nyusi."

"Nyusi za Vauquelin ni za kuaminika sana."

Nilitazama kikombe changu. Maylis alijaribu kutocheka, akashindwa, kisha akakasirika kwa sababu amecheka.

"Baba. Bérengère imejaa maji mwaka huu. Wewe mwenyewe ungekuwa na pua yako ungeitoa kabla yangu."

"Nisingeitoa."

"Ungeitoa!"

"Miaka yote sikuitoa!" Alipiga meza kwa kiganja, vijiko vikaruka. Halafu akashusha sauti. "Unadhani sikujua? Kulikuwa na miaka haikustahili. Nilijua kabla hamjaweka hata gilasi mezani. Nikaiingiza. Huyu mwanamke alipiga magoti kwenye matope pamoja nami, ana mimba yako tumboni, halafu leo nimwambie aende wa pili?"

Maylis alizungusha kikombe chake juu ya meza.

"Mama alikunywa nini?" akauliza.

"Nini?"

"Chakula cha mchana, cha jioni, kila siku ya maisha yake katika nyumba hii. Mama alikunywa nini?"

Anselme akasogeza kikombe chake pembeni.

"Alikunywa Tourelle. Hapa hapa jikoni. Montaubrac ilikuwa ya wageni, na ya kuuza. Mimi sikumbuki hata mara moja kumwona akijifungulia chupa ya Montaubrac kwa raha yake. Wewe unakumbuka?"

Mzee alifikiri. Niliona anajaribu kwa dhati kabisa kutafuta siku moja tu.

"Alisema ile nyingine inamfanya akae wima," akasema mwishowe. "Kama yuko kanisani."

"Basi."

Anselme aliondoka mezani, akasuuza kikombe chake, akakifuta, akakitundika. Alifanya hivyo akitupa mgongo.

"Fanyeni mnavyotaka," akasema kwa ukuta. Kisha akachukua koti akatoka.

Mchana ule nikavuta mvinyo wa Bérengère kuupeleka kwenye tangi kubwa la Tourelle. Maylis alishika mpira wa pampu mwenyewe.

Hapo mambo yangeweza kutulia. Mchanganyo ulikuwa umekamilika, Montaubrac ilikuwa chache lakini imesimama vizuri, na waliojua habari ya ile pua, ukimwacha daktari, tulikuwa wanne, pamoja na Vauquelin, ambaye kuongea kwake kulikuwa kazi ngumu. Mpango wa Maylis ulikuwa kwamba baba yake atawapokea wafanyabiashara mwezi wa Aprili kama kawaida, atasalimia, atasimulia visa vyake, na yeye Maylis ndiye atakayezungumzia mvinyo.

Aprili ni mwezi wa kuuza mvinyo ambao bado uko ndani ya mapipa. Wanakuja wafanyabiashara wa Bordeaux na wateja wao wa ng'ambo, wanaonja huku wameinamia ndoo, wanauliza maswali ambayo majibu yake wanayo, na juu ya kile wanachokisema siku hiyo bei ya mwaka inapangwa. Ukumbi ulijaa. Anselme alivaa suti yake ya kijivu, akapeana mikono, akauliza habari za wake na watoto. Kila kitu kilikwenda sawa mpaka akafika Bwana Roquebert, mfanyabiashara mkubwa na rafiki wa zamani, mtu wa kuongea kwa sauti ili wengine wanufaike. Alinusa gilasi yake, akaguna.

"Anselme! Hebu tuambie wewe. Mwaka huu unapata harufu gani humu?"

Lilikuwa swali la heshima. Aliulizwa kila mwaka, na kila mwaka alijibu kwa maneno mawili matatu ambayo wafanyabiashara waliyabeba kwenda nayo mjini. Maylis alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Nilimwona anaanza kusogea.

Anselme aliitazama gilasi.

"Sipati kitu," akasema. "Pua imekufa tangu Krismasi. Muulize binti yangu, yeye ndiye aliyeutengeneza."

Roquebert alicheka sana. Walio karibu wakacheka pia. Anselme hakucheka. Alisubiri, kwa subira ambayo sikuwahi kuiona kwake, mpaka vicheko vikaisha kimoja kimoja, na watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Kabla ya chakula cha mchana habari zilikuwa zimefika kijiji cha Margaux. Kufikia jioni kila shamba lilikuwa nazo. Hakuna aliyetutukana. Walikuwa na huruma nyingi, na huruma hiyo ikafanya kazi yake. Mmoja alisema angependa kusubiri mwaka mwingine, auone mkono wa binti umekaa vipi. Mwingine alipunguza oda yake ya Montaubrac kwa nusu, akatuma maua. Roquebert alinunua kiasi chake kilekile, kwa ajili ya urafiki, lakini bei ilibidi ishuke ndipo wengine wafuate.

Maylis alimkuta baba yake bustanini.

"Kwa nini?" akamwuliza. "Kwa nini leo, kwa nini mbele ya watu wote? Tulikubaliana!"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilitikisa kichwa."

"Umenigharimu mwaka!"

"Kwa mwaka huu, ndiyo. Kama ningesema uongo leo ningesema na mwakani, na mwaka wa tatu wangegundua, halafu wangeuliza, ni lini tulianza kudanganywa? Wangekwenda nyuma mpaka chupa za babu yako."

"Ungenipa nafasi ya kuamua."

"Ndiyo," Anselme akasema. "Hilo kweli. Ningekupa."

Kukubali kwake hakukumsaidia. Maylis hakuongea naye isipokuwa ya lazima. Mizabibu ilichipua, ikachanua, ikafunga zabibu, na wale wawili waliendelea kupeana chumvi mezani kama abiria wa treni. Mzee alianza kula jikoni peke yake. Mimi nilipita kati yao nikibeba ujumbe wa mambo ambayo wangeweza kuambiana kwa kugeuza shingo.

Tatizo lilibaki Tourelle. Kwa kuwa mapipa mengi yalitengwa mwaka ule, Tourelle ilikuwa nyingi kuliko tulivyozoea, na wateja wetu wa kawaida hawawezi kunywa mara mbili. Maylis alizunguka, akapiga simu, mwishowe akakubaliana na supamaketi moja ya Lesparre kwamba wataichukua kwa ajili ya maonyesho yao ya mvinyo ya Septemba. Sharti lao likawa moja: shamba limtoe mtu wa kusimama dukani Jumamosi, awamiminie wateja waonje.

Septemba ni mavuno. Hakuna mtu wa ziada. Maylis alikuwa anasoma majina ya wafanyakazi kwa sauti, pale uani, akitafuta nani anaweza kukosekana, wakati Anselme alipotokea mlango wa jikoni.

"Nitakwenda mimi," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Supamaketi."

Maylis alimtazama kama ambaye hajasikia vizuri. "Wewe? Ukasimame kati ya sabuni na chakula cha paka?"

"Nitakuwa karibu na jibini, nimeshapiga simu kuuliza."

Yalikuwa maneno mengi zaidi waliyosemezana tangu Aprili. Maylis alipandisha mabega. "Chukua gari dogo. Breki zake uzikanyage mapema."

Nilikwenda naye kumsaidia kupakua masanduku, na nilikaa mpaka mchana, kwa hiyo haya niliyaona. Walimpa meza ndogo yenye kitambaa cha karatasi na bango lenye jina la Tourelle lililoandikwa vibaya. Alilirekebisha kwa kalamu. Alikuwa amevaa suti ya kijivu. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa mstaafu mwenye toroli iliyojaa maji ya chupa.

"Wewe si Darricau?" akasema. "Wa Montaubrac?"

"Ndiye."

"Loh! Mmefilisika?"

"Bado. Onja kwanza, pengine utaniokoa."

Yule mzee alionja, akalamba midomo. "Huu ndio ule wa maskini?"

"Ndio huo. Maskini na mimi."

"Si mbaya. Nini hii nainusa humu?"

Na hapo Anselme akasema jambo ambalo nadhani hakuwa amelipanga. "Sijui, bwana. Mimi sinusi siku hizi. Nusa wewe uniambie."

Mstaafu alimkazia macho kuona kama anataniwa. Kisha akanusa tena, safari hii kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi.

"Kama… kiatu kipya," akasema. "Siyo vibaya lakini! Duka la viatu, ukiwa mtoto, siku ya kwanza ya shule."

"Ngozi," akasema Anselme. "Asante. Nani mwingine?"

Kabla ya saa sita kulikuwa na msongamano. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema ni plamu zinazochemka kwenye sufuria ya shaba, jikoni kwa mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe hampendi lakini jamu yake ni nzuri. Dereva wa lori alisema ni mbao mpya na kitu kingine, akafikiri, akasema ni mkono wa mtu anayevuta tumbaku. Muuza jibini alitoka nyuma ya meza yake akasema wote wamekosea, ni uyoga. Wakaanza kubishana wao kwa wao. Anselme aliwasikiliza mmoja mmoja, ameinamisha kichwa, gilasi yake mkononi. Mtu akisema jambo alilolitambua, alitikisa kichwa na kunywa kidogo, kama anayelijaribu neno lile mdomoni. Msichana mmoja alisema, "Hauna uzito sana, eh? Unapita tu." Akamjibu, "Kweli. Mwaka ulikuwa na maji. Lakini chakula cha mchana utakula nao bila kulala." Msichana akachukua chupa mbili.

Masanduku yakaisha mapema. Meneja wa duka alitaka aje tena Jumamosi inayofuata, na akamwambia atapata tena ile meza ya karibu na jibini. Anselme alisema ataangalia.

Tuliporudi shambani tulikuta uani pamechafuka kwa kazi. Trela la zabibu lilikuwa limeingia, jingine linangoja getini, na kwenye meza ya kuchagulia zabibu watu walikuwa pungufu. Maylis alikuwa juu ya ngazi ya tangi, buti zake zimejaa maganda, anapiga kelele kwa mtu wa pampu. Alituona.

"Zimebaki ngapi?" akaniuliza mimi.

"Hakuna iliyobaki," Anselme akajibu. "Wanasema mvinyo una plamu, ngozi na uyoga. Mmoja anasema tumbaku. Mimi ningeuliza juu ya hiyo tumbaku, inaweza kutoka kwenye mbao za yale mapipa mapya."

Maylis aliteremka ngazi mbili. "Tumbaku?"

"Dereva wa lori. Alikuwa na uhakika."

Alifikiri, amesimama pale, nywele zimegandamana usoni. "Inaweza kuwa yale ya upande wa kaskazini wa ghala," akasema. "Nitayaonja kesho." Halafu akatazama meza ya kuchagulia, ambako zabibu zilikuwa zinapita haraka kuliko mikono. "Baba, macho yako bado mazima?"

"Mazima."

"Kuna nafasi pale katikati."

Anselme alivua koti la suti, akatafuta pa kulitundika, hakupaona, akanipa mimi. Akakunja mikono ya shati, akaingia kati ya wanafunzi wawili kutoka Bilbao waliomsogezea nafasi, akaanza kutoa majani.